Grisi ya Baba na Deki za Kambale

Mwezi uliopita niliteremsha kibao cha karakana yangu pale Kasese, nikakifunga kwa kamba na kukiweka nyuma ya kabati, maandishi yakiwa yameelekea ukutani. Watu walinipa pole na hongera kwa pamoja, kwa kuwa hawakujua kama ninafurahi au ninalia. Mafundi vijana ambao tumekuwa tukiazimana vifaa wakaniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu magurudumu ya deki za DJ. Kwa miaka mingi mtu akilalamika kwamba gurudumu la deki yake linakwaruza au linarusha wimbo, jibu mjini lilikuwa moja tu: mpelekee Mama Fundi. Nimekubali kuandika. Lakini nawaonya mapema, haya si maandishi ya mtu anayejivunia kazi yake.

Nianze na baba, kwa sababu kosa langu linatokana naye, ingawa yeye mwenyewe hakukosea. Baba alitoka Kenya, upande wa ziwani, akaja huku kufanya kazi mgodini, na mgodi ulipodorora akahamia kiwanda cha saruji. Kazi yake ilikuwa kupaka grisi. Asubuhi alibeba ndoo na bomba, akapita kwenye beringi za mikanda inayobeba mawe, moja baada ya nyingine, na alipoifikia ya mwisho, ya kwanza ilikuwa imeshaanza kumwita tena. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha aliisimamisha juu ya beringi, mpini akaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho, kisha akasema beringi ile imebakiza wiki ngapi. Mara nyingi alipatia.

Sisi watoto wa wapaka grisi tulijulikana kwa nyumba zetu, maana kwetu hakuna kitu kilicholia. Grisi ya kazini ilifika nyumbani ndani ya kopo la majarini, nzito, rangi ya kahawia, ikapakwa kwenye bawaba za mlango, cherehani ya mama, toroli, mnyororo wa baiskeli, na wakati wa kiangazi hata kwenye visigino vilivyopasuka. Majirani zetu Bakonzo, wenyeji wa huku, walitutania kwamba jogoo wetu naye amepakwa, ndiyo maana anawika taratibu. Nilikua nikiamini kwamba kelele ni ugonjwa na kimya ndiyo afya. Lishikeni hilo, kwa sababu yote yanayofuata yametoka hapo.

Nilianza na redio, nikaja kwenye kaseti, kisha amplifaya. Baba alipostaafu alinipa ile bisibisi na makopo mawili ya grisi, akaniambia nisimwaibishe. Siku zangu za kwanza karakanani zilikuwa za kujieleza tu. Mteja aliingia, akaniangalia mimi, akaangalia nyuma yangu, akauliza fundi atarudi saa ngapi. Namkumbuka askari mmoja aliyeleta redio ya kantini yao. Aliiweka mezani kwa kishindo.

"Fundi iko wapi?"

"Ni mimi, afande."

"Wewe? Haya. Fungua hii kitu. Mbio."

Nilifungua mbio. Ndani kulikuwa na mende watatu waliokufa na waya mmoja uliokatika, nikamrudishia redio yake ikiimba. Aliniita fundi tangu siku hiyo, ingawa sauti ya kuamrisha hakuiacha.

Deki ya kwanza yenye gurudumu niliipokea kutoka kwa mwenye ukumbi mmoja wa Rukoki. Kwa asiyeijua kazi hii, DJ anatumia deki mbili. Wimbo mmoja ukipigwa huku, ufuatao anauandaa kule, na kwa kidole chake anausukuma au kuuvuta kwa lile gurudumu la juu mpaka midundo ya nyimbo zote mbili itembee pamoja. Ndani, gurudumu limekaa juu ya vijigurudumu vidogo vya plastiki, na linapozunguka linazungusha kisahani chenye meno membamba. Kuna jicho dogo la taa linalohesabu meno hayo yanavyopita. Vile vijigurudumu vikichafuka, gurudumu linalia. Jicho likikosea kuhesabu, wimbo unaruka au unakimbia. Magonjwa ni hayo mawili, na huja pamoja.

Ile ya Rukoki ilikuwa inalia. Nikasimamisha bisibisi ya baba juu yake, mpini nyuma ya sikio, nikalizungusha gurudumu. Nilisikia mkwaruzo uleule wa beringi kavu niliokuwa nausikia baba akinipeleka kiwandani utotoni. Sikuwaza mara mbili. Nilifungua, nikachota grisi kwa kidole, nikapaka kila kitu kinachozunguka, nikafunga. Kimya kabisa. Mwenye ukumbi alilizungusha mara nyingi akitabasamu, na kabla ya mwezi kuisha nikawa napokea deki kutoka Kitswamba, Bwera na hata ng'ambo ya mpaka, Kongo. Mjini wapo mafundi walionizidi elimu ya umeme, lakini hakuna aliyekuwa na mkono wa kunyamazisha gurudumu. Nilivimba kichwa. Nisiposema hilo nitakuwa nadanganya.

Kambale alikuja mwaka ambao watu wengi walivuka mpaka wakikimbia mauaji upande wa Beni. Alikuwa kijana mrefu wa Butembo, Mkatoliki wa kuhudhuria misa kila Jumapili, mpole mpaka inakuchosha. Alikuwa amepiga muziki kwenye harusi za kwao. Walipokimbia aliacha spika, akaacha nguo na kitanda, akabeba deki zake mbili mgongoni zikiwa zimefungwa ndani ya blanketi, huku mama yake akiwashika mikono watoto wawili wa dada yake aliyeuawa. Wanne hao walikuwa wanakula kwa deki hizo. Alinieleza haya bila kutaka huruma, ili nijue tu kwa nini nizishike taratibu.

"Mama Fundi, hii ya kushoto iko nalia," aliniambia. "Nikiweka kidole, wimbo inakimbia. Na mutu hawezi kufanya ndoa na deki moja. Ukinisaidia hii, umenisaidia na batoto."

Ndani nilikuta vumbi la kawaida tu, kidogo sana. Naliona mpaka leo nikifumba macho. Kipande cha pamba na tone la spiriti vingetosha. Mimi nikachota grisi. Na kwa kuwa nilimpenda, nikafanya jambo nisilowahi kumfanyia mteja mwingine: nikamwonyesha jinsi ya kufungua, nikampa kopo dogo aende nalo Bwera alikokuwa amepanga, nikamwagiza apake deki zote mbili kila mwezi hata kama hazilii. Akaniita mwalimu wake. Alilipokea kopo kwa mikono miwili.

Kwa miezi mitatu alinisifu kila kona ya Bwera. Baadaye akarudi. Ya kushoto ilikuwa inakwaruza kwa sauti nzito zaidi, na wimbo haukimbii tu, unarudi nyuma wenyewe. Nikalaumu vumbi. Kasese tunajuana na vumbi, lile jeupe la saruji linaloingia mpaka kwenye chai, na barabara ya Bwera ina la kwake. Nikaongeza grisi. Miezi miwili, akarudi tena. Nikalaumu jenereta. Nikaongeza. Wengine nao wakawa wanarudi, nami kila mmoja nilimpa sababu yake. Ukiwa na jina, watu hukusaidia kutafuta sababu.

Halafu ikaja harusi ya Rukoki, ya binti wa rafiki yangu. Kambale ndiye aliyepiga muziki, mimi mwenyewe nilimpendekeza. Ilikuwa saa tisa alasiri, maharusi wakiingia, wasimamizi wakicheza hatua walizofanyia mazoezi wiki nzima. Alipogusa gurudumu ili aingize wimbo wa pili, wimbo ukaruka, ukakimbia, ukasimama. Wasimamizi wakagongana. Mjomba wa bibi harusi akasema kwa sauti kwamba DJ amelewa, na meza nzima ikaitikia. Kambale hanywi hata pombe ya ndizi. Niliketi pale na sahani yangu ya wali, nikaendelea kula.

Kesho yake alikuja karakanani. Hakuleta deki. Alinyoosha viganja vyake juu ya meza yangu.

"Labda si mashini," akasema. "Labda ni mukono yangu imekuwa mubaya. Wewe unaonaje?"

Wakati ule nilikuwa sijui. Naapa nilikuwa sijui. Nikaviangalia vile viganja, nikamwambia apunguze kubonyeza. Akaenda kufanya mazoezi ya kugusa taratibu, mtu ambaye vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya DJ yeyote niliyewahi kumwona.

Nilikuja kujua kwa sababu ya deki ya kanisa moja la Kyondo, kule milimani. Vijana wa kwaya waliiteremsha kwa pikipiki ndani ya gunia la kahawa. Ilikuwa aina ileile ya Kambale na ya umri uleule, ila haikuwahi kuguswa na fundi yeyote, kwa kuwa Kyondo hakuna. Gurudumu lake lilikuwa linapiga kelele hata bila bisibisi. Nilifungua nikitegemea maafa. Nikakuta maganda ya kahawa. Nikayapuliza, nikafuta kwa pamba, na chini yake meno ya kisahani yalikuwa mazima yote, plastiki inang'aa, jicho safi. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye kopo la grisi, nikautoa. Niliifunga vilevile, kavu. Gurudumu likazunguka vizuri, wimbo haukutikisika.

Nilikaa kitako. Chini ya meza nilikuwa na kopo la maziwa ya unga nililotupia vipande vibovu vya miaka yote, vya wateja wangu wote. Nikavimwaga mezani. Kila kimoja kilikuwa na grisi ya baba, lakini haikuwa ya kahawia tena. Ilikuwa ya kijivu, imekauka, na nilipoikwaruza kwa ukucha haikutoka. Vumbi la saruji lilikuwa limenasa humo na kugeuka msasa. Msasa ule ulikuwa umekula meno ya visahani, na mafuta yakalainisha plastiki mpaka ikapasuka, mengine yakatambaa mpaka kwenye jicho na kulipofusha. Beringi ya chuma inaishi kwa grisi ile. Plastiki inakufa kwayo, ila inakufa kimyakimya, na ule ukimya wa miezi mitatu ndio uliokuwa ukinipatia sifa.

Basi liandikeni hili ukutani, hata kama mengine mtayasahau. Gurudumu la deki linasafishwa, halipakwi. Pamba, spiriti, subira likauke. Kama ni lazima kabisa, mafuta meupe ya plastiki, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, na yasikaribie jicho. Likiendelea kulia kidogo, liacheni lilie. Kulia kidogo hakujawahi kuua gurudumu.

Mtasema, basi ulijua, ukarekebisha. Nilirekebisha mkono wangu tu. Niliacha grisi, nikaanza kufuta kwa spiriti, na sikumwambia mtu yeyote. Deki zilizokuja na ile grisi ya kijivu ndani nilizitazama, nikawaambia wenyewe kwamba zimezeeka. Hakuna aliyebisha, mimi si ndiye Mama Fundi? Nilikuwa naogopa. Niliogopa kicheko cha mafundi wa mjini, na niliogopa zaidi jina la baba, aliyekuwa ameshazikwa na watu wa kiwanda wakimsifu kaburini kwamba beringi zake hazikulia.

Kambale alileta ya kushoto mara ya mwisho. Nilifungua nikijua nitakachokuta. Meno ya kisahani yalikuwa yameisha, gurudumu limepasuka katikati, na kipande cha aina ile hakipatikani, nilishakitafuta mpaka Kampala. Alikuwa amesimama ameshika kofia. Maneno yalinijia yote hadi kwenye ulimi.

"Imezeeka," nikamwambia.

Aliifunga ndani ya lile blanketi lake. Akanishukuru kwa kuihangaikia. Kisha akaniomba grisi kidogo kwa ajili ya ile ya kulia, maana kopo lake limeisha. Hapo nilipewa nafasi ya pili nikiwa bado nimesimama palepale. Nikamwambia hata yangu imeisha. Akasema nisijali, amempata mtu anayeitoa kulekule kiwandani ilikokuwa inatoka ya baba yangu.

Tangu hapo alipiga muziki kwa deki moja. Wimbo ukiisha, kimya, mpaka atie mwingine. Kwenye kimya hicho alikuwa akisema maneno, akiwasifu wazee, akiwataja wakwe, lakini maharusi hawataki maneno, wanataka kucheza. Harusi zikapungua, zikabaki ubatizo na misiba. Mama yake akaanza kuuza mihogo barabarani. Niliambiwa na watu. Mimi mwenyewe sikukanyaga Bwera miaka mingi, nikisingizia kazi.

Nilipofunga karakana sikuwa na kisingizio tena. Wiki iliyopita nikapiga moyo konde, nikapanda gari la asubuhi mpaka Bwera, bisibisi ya baba ikiwa ndani ya mkoba. Njia nzima nilirudia nitakavyosema. Nilitaka iwe sentensi moja, isiyo na pa kujifichia.

Kambale alinipokea karibu na soko akiwa na mvi. Alinishika mikono yote miwili, akanizungusha kwa majirani akiwaambia huyu ndiye yule mwalimu wake. Kabla sijafungua mdomo akanivuta ndani ya kibanda cha mbao. Kulikuwa na meza ya fundi, na nyuma yake mwanamke wa miaka kama thelathini anaitwa Masika, naye mtu wa Butembo. Kambale alisema harusi zilipokwisha alianza kufundisha. Amefundisha watu sita, watatu wamerudi ng'ambo na kazi mkononi, na Masika ndiye anayewashinda wote. Kwenye rafu kulikuwa na deki zimepangwa, nyingine mpya kabisa, za Bwera na za Kongo. Mezani, pembeni ya bisibisi zake, kulikuwa na kopo la majarini.

"Yote ulinifundisha, nimewapa," Kambale akasema. "Sikubakisha hata moja."

Nikakalia benchi, nikasema ile sentensi yangu. "Kambale, deki yako haikuzeeka. Niliiua mimi, kwa grisi hii. Na ile siku ya Rukoki, mkono wako haukuwa na kosa."

Aliangalia kopo, akaangalia rafu, deki moja moja, mpaka ya mwisho. Nikaona anahesabu wale watu sita. Nilingoja anitukane, na kwa kweli nilikuwa nimekuja kutukanwa. Halafu akanishika bega, kwa upole uleule unaochosha, akamwambia Masika aniletee maji, Mama ametoka mbali na jua ni kali, na tena tumesikia ameacha kazi juzi tu, mutu akiacha kazi mawazo yanakuwa mengi.

Nilirudia. Nilimweleza Masika habari za Kyondo, za vumbi, za meno ya kisahani. Alinisikiliza kwa adabu, akaitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama. Kisha akachukua deki mpya iliyokuwa mbele yake, ambayo kwa maelezo yake ilikuja jana ikilia, akaisogeza karibu yangu.

"Lakini Mama, sasa hailie tena," akasema. "Sikia mwenyewe."

Kambale alinitolea bisibisi kwenye mkoba, akaniwekea mkononi. Nikasimamisha ncha juu ya gurudumu, mpini nyuma ya sikio, nikafumba macho. Masika akalizungusha. Wote wawili walikuwa wananitazama, wakingoja niseme. Nilisikiliza kwa muda mrefu, nikitafuta hata mkwaruzo mmoja wa kuwaonyesha. Hapakuwa na kitu. Palikuwa kimya kama nyumbani kwetu.